Kwa Nini Nimemshusha Kware

Agouni Ouzar,
Ijumaa, baada ya kuvuna zeituni za upande wa chini

Kaka yangu Mouhoub,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na joto, maana tunasikia baridi ya huko Montreal haina mchezo hata kidogo. Shemeji hajambo? Na watoto je? Yule mdogo ameshazoea kuvaa buti zile kubwa, au bado analia kila asubuhi? Sisi huku tu wazima kwa namna ya watu wa mlimani. Mama na magoti yake, mimi na mgongo wangu wa cherehani, na magauni ya harusi yamenijaa kitandani hadi nalala pembeni. Kuhusu Baba, usiwe na haraka. Barua yote hii ni yake, nitamfikia.

Anayekuletea ni Lounis, mtoto wa mama mdogo, pamoja na tini kavu na dumu la mafuta mapya. Mafuta yasipofika yamejaa, muulize yeye. Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nyumba hii simu haina siri, kaka. Nikiongea na wewe, Mama amekaa kulia kwangu anauliza unasema nini, na Baba amekaa kushoto anajifanya hasikilizi. Ninayotaka kukwambia hayasemeki mbele ya mwenyewe.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Hata salamu hukutoa! Umeanza tu na "Taous, nani amemshusha Kware wangu?" kisha ukamwaga maneno mpaka ukaishiwa pumzi. Umeona ile picha aliyokutumia Lounis, ukaona gari lako, huyo Kware, limekaa chini na matairi yamejaa kwenye madigadi, ukasema nimelifanya kama magari ya wale vijana wanaopiga honi kwenye misafara ya harusi. Ukasema gari la watu wenye heshima halichezewi. Nilipousikiliza mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikasirika, nikaanza kukujibu, nikafuta. Hasira hasara. Nikachukua kalamu.

Ndiyo, ni mimi. Nakumbuka vizuri siku unaniachia ufunguo uliniambia nibadilishe oili na matairi tu, mengine nisiguse, kwa sababu gari hili la dizeli ulilinunua kwa jasho lako na hakuna kama lenyewe mlimani kote. Sikusahau. Springi zako, shokapu zako na ile ekseli ya nyuma viko darini, nimevipaka grisi na kuvifunga kwenye shuka la zamani la Mama. Hakuna kilichotupwa. Lakini nisikilize kwanza nilivyofika hapo, halafu ukitaka kunigombeza, nigombeze.

Unajua kwamba tangu masika Baba anakwenda mjini kwenye mashine ya kusafisha damu, Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Hilo tulikwambia. Hatukukwambia jinsi anavyofika. Ile barabara unaijua wewe, umezaliwa nayo: kona baada ya kona hadi bondeni, na kila kijiji kimejenga matuta yake kwa saruji yake, hakuna tuta linalofanana na mwenzake. Na Kware wako, samahani kaka, alikuwa amezeeka. Ukikata kona analala upande kama mtu anayechungulia dirishani. Ukinyoosha, anachelewa kusimama, kisha anakwenda kulala upande wa pili.

Mwanzoni Baba alikaa mbele kama kawaida. Sasa kumbuka Baba ni mashoto. Madaktari hawagusi mkono wa kazi, kwa hiyo mshipa wa mashine wamemtengenezea mkono wa kulia, na unajua usukani wa huku uko kushoto, kwa hiyo abiria wa mbele mlango wake uko kulia. Kila kona ya kushoto gari linalala, Baba anatupwa, mkono ule ule unagonga mlango. Hasemi kitu, unamjua. Anauma meno tu. Siku moja alipovua shati nikaona mkono umevilia damu kuanzia kiwikoni, muuguzi akanifokea mbele ya watu kwamba mshipa ule ukiharibika hatuna pengine pa kumtoboa. Toka siku hiyo nikamlaza kiti cha nyuma.

Nikajiona nimefanya la maana. Nilimtandikia godoro la sponji, nikamfunika lile blanketi jeupe la sufu alilofuma Mama kabla hatujazaliwa, kwa sababu akitoka kwenye mashine huwa anatetemeka, amekwisha nguvu kama kitambaa kilichokamuliwa. Na ili asianguke nikawa naendesha polepole, polepole kabisa, gia ya pili kutoka juu hadi chini. Malori ya kokoto yalikuwa yakinijia nyuma kwa kasi, basi nikawasha taa zote nne za tahadhari, nikaziacha zinawakawaka njia nzima. Magari yanajipanga nyuma yangu na hakuna anayepiga honi. Nikasema kumbe watu wetu wana utu bado.

Tena walionifurahisha kuliko wote ni wazee wa Ighil Ouzrou, pale chini, wanaokaa kwenye mabenchi ya mawe ya uwanja wao kando ya barabara. Kila nikipita walikuwa wanasimama. Wote, pamoja na Da Kaci, rafiki yake Baba, ambaye nyonga yake unaijua. Nami nawaitikia kwa kichwa, nawashukuru. Nikifika nyumbani namsimulia Mama kwamba wale watu wanajua kumheshimu mgonjwa, na Mama anawaombea dua. Likumbuke hili, nitalirudia.

Baba akaanza kunyamaza. Si ule ukimya wake wa siku zote wa kufikiri jiwe gani liende wapi. Ukimya mwingine. Alikuwa akitoka mjini hataki kuulizwa, hataki supu, anageukia ukuta. Siku moja Mama akambana, akamwambia sema, ni nini kinachokuuma, na Baba akajibu kwamba barabara ile inamuua. Hayo tu. Basi tukaanza kupambana na barabara.

Kijiji kizima kikawa fundi. Kila mtu akasema mgonjwa anataka kitu laini, hata shangazi ambaye hajawahi kushika usukani. Nikamwendea Ouramdane, yule uliyesoma naye, ambaye sasa ana gereji kwenye ile nyumba ya zamani ya kukamulia zeituni. Bado ni yule yule, mdomo haufungi, na anaamini angekuwa bingwa wa mbio za magari kama si baba yake kumwoza mapema. Nikamwambia atafute springi laini kuliko zote zilizopo duniani. Akaniambia kwamba nakosea, gari halijakosa ulaini, limekosa uti wa mgongo. Nikamjibu kwamba mimi sikuja kusikiliza mashairi, nina baba mgonjwa. Unaijua kauli yangu nikiwa nimechoka. Akaweka springi nilizotaka.

Jamani, kaka! Kwenye matuta gari lilikuwa tamu kama limewekewa mto. Kwenye kona ya kwanza kubwa, pale penye chemchemi, lililala hadi nikaona lami dirishani. Nikasikia kishindo nyuma. Baba alikuwa ameanguka katikati ya viti, na godoro juu yake na blanketi juu ya godoro. Nilisimama, nikamtoa. Hakunitukana. Bora angenitukana. Alikaa pale akitazama bonde, kisha akaniambia tuendelee, na jioni tuliporudi akatangaza mbele ya Mama kwamba hatakwenda tena mjini, na mtu asimbishie.

Hapa ndipo tulipokuficha, na Mungu atusamehe. Jumatatu hakwenda. Tulipokupigia simu jioni ile na ukamsikia anasema hajambo, alikuwa amevimba uso na anahema akiwa ameketi, kulala hawezi. Mama alinibana mkono nisiseme. Nilimpigia daktari, akaniambia wazi kwamba mtu kama Baba akikosa mara moja ana bahati, akikosa mara mbili asitegemee bahati. Nikampigia Baba magoti. Mimi, Taous, niliyekataa kumpigia magoti hata mkuu wa shule! Alinipapasa kichwa, akasema amejenga nyumba za kutosha na anaweza kufia katika mojawapo. Nililia jikoni mpaka Mama akanifunga mdomo kwa kitambaa ili asisikie.

Usiku haukwisha. Kulipokucha tu nilikuwa mlangoni kwa Ouramdane, sina hata skafu. Nikamwambia sasa nitasikiliza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunicheka. Alipandisha gari kwenye jeki, akanivuta nione kwa macho yangu. Shokapu zilikuwa zimekufa, ukizisukuma hazirudi. Bushi zimelegea kama lastiki ya sketi ya zamani. Beringi za ekseli ya nyuma zimelika hadi matairi yanaegemeana kwa juu kama walevi wawili. Hilo la kitambaa kilicholegea mimi nalielewa, ndiyo kazi yangu. Gauni likilegea kiunoni, hata ulipambe vipi litamzunguka mtu mwilini. Akaniambia gari ni hivyo hivyo: mwili wake umelegea juu ya miguu yake, ukikata kona miguu inakwenda huku, mwili unakwenda kule.

Alivipata vitu siku ile ile, kwa sababu kuna gari la jamii ya Kware, lile la michezo, lililogongwa mbele na kulala muda mrefu kwa mwuza skrepa kule bondeni. Nyuma lilikuwa zima. Tukachukua ekseli yake nzima ya nyuma, na ile fimbo nene ya chuma inayoyafunga magurudumu mawili yasiachiane kwenye kona. Shokapu tulinunua mpya, za gesi. Springi fupi kidogo na ngumu kuliko zako, ndiyo maana amekaa chini, na si chini sana, vidole viwili. Chini zaidi ya hapo Ouramdane alitaka, nikamkumbusha matuta ya Ighil Ouzrou, akakubali shingo upande. Bushi zote mpya. Nilishika tochi, nikashika spana, nikapata grisi hadi kwenye nyusi.

Na tulifanyia kazi hiyo uani kwetu, si gereji. Wazo lilikuwa langu. Nilitaka Baba asikie vyuma vikigongwa. Mtu aliyegonga mawe maisha yake yote hawezi kusikia nyundo akabaki amegeukia ukuta.

Alikuja, kaka. Alijikokota hadi kizingitini, ameshika fremu ya mlango, uso umevimba, miguu imejaa maji. Ouramdane alikuwa amefunga uzi kutoka tairi la mbele hadi la nyuma anapima kama magurudumu yamenyooka, na amejaa maringo. Baba akatazama kwa muda, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kazini kwamba kijana, unapima unyoofu juu ya ua ulioinamia kisimani, na ua huu ninaujua kwa sababu niliuinamisha mwenyewe ili maji ya mvua yaende. Ouramdane akaufungua uzi. Baba akaitisha pima maji yake, akaketi juu ya ndoo, akatuamuru tuweke vigae chini ya tairi hili na lile mpaka akaridhika. Mama alikuwa dirishani anajifanya anachambua dengu.

Tulipomaliza nikamwambia Baba, kama vile halinihusu, kwamba gari jipya halijulikani mpaka lijaribiwe kwenye kona, na Ouramdane anatia chumvi kila kitu, sitamwamini yeye. Baba akanitazama. Anajua ninapotaka kumpeleka, amenizaa. Akajibu kwamba atakwenda kulijaribu gari, si kwenda kwenye mashine. Nikasema sawa, gari tu. Jumatano asubuhi akavaa mwenyewe. Blanketi alilikataa. Alivaa lile koti lake la bluu la kazi na kofia.

Nilikuwa nimeshamtandikia nyuma. Akalipita godoro, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Mimi nikaogopa mkono, nikamwambia, akasema twende. Kona ya kwanza nilimwona akijiandaa, ameshika kile kishikio cha juu kwa mkono wa kushoto, amejikunja, anasubiri kutupwa mlangoni. Hakutupwa. Gari lilikata kona likiwa limekaa, kaka, kama limebandikwa. Kona ya pili akajikunja tena, kidogo. Ya chemchemi akasahau kujikunja. Baadaye nikaona ameachia kishikio, ameweka mkono juu ya goti. Matuta tunayasikia, siwezi kukudanganya, kila tuta linakuja kusalimia kiunoni. Nikamwomba radhi. Akasema jiwe zuri ni gumu, na akaniambia niongeze mwendo.

Nikaongeza. Nikashika gia ya tatu mahali ambapo tangu masika sijawahi kuiona. Na hapo, tunakaribia Ighil Ouzrou, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe, nikawasha taa za tahadhari. Mazoea tu. Zikaanza kulia ile tik, tik, tik.

"Zima hizo taa, Taous."

Nikamwambia Baba, kuna malori nyuma. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, ule ule wenye mshipa.

"Zizime, mwanangu. Mimi sijafa."

Nikazizima. Nikasimamisha gari pembeni, kwenye ule mti wa mzeituni uliopigwa radi, kwa sababu sauti yake haikuwa ya kugombeza. Na Baba akaniambia. Wewe ni mwanamume, pengine umeshaelewa tangu ukurasa uliopita, na nakuonea wivu. Sisi wanawake mtu akifa tunakaa ndani na wafiwa, ya barabarani hatuyaoni. Lakini maiti wanaoletwa kutoka hospitali au kutoka ng'ambo wanapita barabara hii hii, na wanaume wa vijiji vya njiani, wakiona gari linakwenda polepole na taa nne zinawaka na magari yamejipanga nyuma yake, wanasimama. Hawaulizi ni nani. Wanasimama, wanavua kofia, wanamsomea mpaka apite.

Mara ya kwanza, alisema, alifikiri wanamsalimia. Aliinua kichwa kidogo kwenye godoro ili arudishe salamu. Akaona viganja vimefunguliwa. Akamwona Da Kaci ameshika kofia kifuani, midomo inacheza. Akarudisha kichwa, akajifunika uso na blanketi ili Kaci asije akayaona macho yake yako wazi, akaaibika. Ndivyo alivyoniambia, kaka: aliogopa rafiki yake aaibike.

"Mabenchi yale niliyachonga mimi," akasema. "Nimekaa pale, nimesimama kuwapitisha maiti wengi. Sasa mara tatu kwa juma wananizika, na anayenipeleka ni binti yangu. Si barabara, Taous. Barabara ni barabara. Nilichoka kuzikwa."

Mouhoub, sijui nikwambieje nilivyojisikia. Nilitaka ardhi inimeze mimi na gari lako. Blanketi jeupe ni mimi niliyemfunika. Taa ni mimi niliyeziwasha. Mwendo ule wa msiba ni mguu wangu huu, na nikapita nikiwaitikia kwa kichwa, nikiwashukuru! Nilimfanyia yote hayo kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo nilikuwa nimemuua baba yangu barabarani tangu masika. Nililia juu ya usukani. Akaniacha nilie. Kisha akasema chakula cha mchana mjini wanatoa mapema, na kama tunachelewa mashine watampa mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojua anakwenda kwenye mashine.

Nikafuta uso, nikaingia barabarani. Baba akashusha kioo chote, na baridi ile. Tukaingia Ighil Ouzrou kwa mwendo wa watu wenye shughuli zao. Kona ya msikiti, ambayo zamani Kware alikuwa anaipigia magoti, tukaikata tumekaa wima, wote wawili. Uwanja ukafunguka. Wazee walikuwa pale juani, wamejifunga makoti yao. Gari wanalijua. Nikaona Da Kaci anaegemea fimbo, anaanza kuinuka.

Baba akatoa mkono nje, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo:

"Kaa chini, Kaci! Kaa hivyo hivyo!"

Da Kaci akabaki nusu amesimama nusu ameketi, mdomo wazi. Kisha akaporomoka kwenye benchi. Nyuma yetu nikamsikia akimpigia Baba kelele kwa jina, Belaid mwizi wa domino, kumbe uko hai, rudi ulipe lile pambano! Alipandisha kioo, akakaa sawasawa kitini. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, na mimi nilitazama barabara kwa sababu hakutaka nimtazame.

Hakusimama mtu, kaka. Hata mmoja.

Toka siku hiyo hajakosa. Uvimbe umekwenda, Mama ameanza tena kugombana naye kuhusu chumvi, na wakati wa kurudi, hata akiwa amekwisha nguvu kabisa, anakaa mbele mpaka tuipite Ighil Ouzrou. Akishaipita ndipo anaegemeza kiti na kulala. Jumatatu iliyopita tulisimama pale, akacheza domino mchezo mmoja, akashinda, na sikuuliza alishindaje.

Sasa unaelewa kwa nini Kware amekaa chini. Ukirudi kiangazi na ukitaka vyuma vyako, viko darini, nitakushikia tochi mwenyewe. Lakini nakuomba, endesha kwanza. Mpakie Baba, shuka naye hadi bondeni, kisha uniambie kama nilikosea. Na jambo moja zaidi, la mimi na wewe tu, usimsomee shemeji. Iko siku nitapita pale polepole. Sote tunajua, na Baba anajua kuliko sisi. Siku hiyo nitalitoa lile blanketi jeupe, nitawasha taa zote nne kwa mkono wangu, na nataka wasimame wote, hadi Da Kaci na nyonga yake. Lakini sasa hivi, acha waendelee kukaa.

Nimeandika sana, mshumaa wa Mama wa kuokoa umeme unanitazama vibaya. Wape watoto mabusu yangu, mmoja mmoja, usichanganye. Shemeji mwambie gauni lake la manjano liko tayari ila mikono sijaipamba, nangoja vipimo vya kweli, si vile vya kujipendekeza. Mama anasema ujifunike masikio. Baba ameamka sasa hivi kutafuta maji yake ya kunywa, yale ya kipimo cha daktari, amenikuta mezani, akauliza namwandikia nani. Nikasema wewe. Amefikiri kidogo, akasema nikusalimie, na nikwambie kwamba gari linavuta kidogo kulia, kwa hiyo Ouramdane alidanganya kwenye kigae cha mwisho, na Jumamosi watapima upya.

Mungu akulinde mpaka tuonane.

Dada yako mdogo asiyesikia,
Taous